Bursi ya Patou

Kindu, tarehe 3 Machi 2002

Odile dada yangu,

Barua hii nimeiweka mikononi mwa baba Elie anayepakia mizigo ya ndege, na ameniahidi itafika kwa shangazi yako huko Goma kabla ya Pasaka. Ikifika imelowana, ujue ilikaa chini ya samaki.

Umeuliza kama tunakula. Tunakula. Mashambani hakuna muntu anayekwenda tena, kwa sababu ukipita uwanja wa ndege hujui utakutana na bunduki ya nani. Treni nayo imelala. Mama anapika sombe, majani matupu ya muhogo, bila mafuta ya mawese, halafu anatuangalia usoni aone nani atanung'unika. Hakuna anayenung'unika.

Sasa nikuambie habari yenyewe. Ismaël aliugua malaria mwezi wa kwanza, akalazwa hospitalini, na mimi nikawa namtembelea. Kwenye kitanda cha pembeni yake kulikuwa na mama mumoja kutoka Tunda. Ndugu zake wamebaki kule, njia imefungwa, na unajua hapa kwetu mugonjwa anapikiwa na watu wake. Siku moja mama yake Ismaël alileta wali. Alipofungua sahani, yule mama wa Tunda aligeuka akaangalia ukuta. Njo hapo nikajua ana njaa.

Kesho yake nilileta sahani mbili. Kesho kutwa nikakuta wengine kama yeye katika vyumba vingine. Basi Ismaël alipopona tukasimama mbele ya darasa letu la sita la sekondari tukaomba. Sasa tuko kikundi kizima. Wengine wanaleta kuni, wengine muhogo, parokia imetuazima sufuria kubwa ya sikukuu. Tukitoka shule tunapika uani hospitalini. Ismaël anagawa, kwa sababu yeye hana upendeleo. Mimi ninakoroga, na kuni zikipungua ninakwenda kutafuta. Padri alinitaja kanisani Jumapili iliyopita, watu wote wakageuka kuniangalia, na Mama akanyoosha shingo kama twiga.

Muhogo umekuwa haba upande wetu wa mto, hapa Kasuku. Upande wa Alunguli bado uko kidogo, kwa wajomba zake Ismaël, kwa hiyo ninavuka na mutumbwi kuuchukua. Mama anajua habari ya jiko. Habari ya mto hajaijua. Usimwandikie.

Rafiki yako,
Kabongo Patou

*

Goma, tarehe 14 Aprili 2002

Patou,

Barua yako imefika, na kweli inanuka samaki. Nimeisoma kwa sauti, shangazi akacheka mpaka akaacha kuchambua maharagwe.

Sisi tuko salama. Moto wa mlima wa volkano ulipita mtaa wa pili kutoka kwetu, na sasa njia ya kwenda sokoni ni mawe meusi yanayokata viatu. Shule yetu imeungua. Tunasoma mchana katika shule ya wengine, baada ya wao kutoka. Baba bado anasema treni ya Kindu ikianza kutembea tutashuka Lubumbashi, lakini anasema hivyo tangu nikiwa darasa la tatu.

Nimekuonea wivu. Ningekuwa huko ningewasha moto, maana wewe na Ismaël hamjui kuwasha kuni mbichi.

Lakini nimesoma tena barua yako na kuna jambo silioni. Unasema unakoroga, unatafuta kuni, unavuka mto. Hukusema unasoma saa ngapi wala unalala saa ngapi. Mtihani wa serikali unakuja. Wakati wewe unavuka, nani anakusaidia? Niandikie hilo. Na mwambie Mama Fidélie habari ya mto, wewe mwenyewe, kabla hajaambiwa na mtu mwingine sokoni.

Kasanda Odile

*

Kindu, tarehe 9 Juni 2002

Dada Odile,

Ninakuandikia mimi Ismaël, kwa sababu Patou hawezi kukuandikia.

Jumatano aliamka akavuka kwenda Alunguli. Wakati wa kurudi mtumbwi ulikuwa mzito kwa muhogo, na upepo ukashuka mtoni kwa ghafla kama unavyofanya mvua za mwisho zikiondoka. Mpiga kasia alishika mti akaokoka. Sisi tulikuwa uani hospitalini, tumeshawasha moto na maji yanachemka, tunamngoja. Wavuvi walimpata kesho yake. Tumemzika kwenye makaburi ya wafanyakazi wa reli, karibu na baba yake. Wagonjwa walioweza kutembea walikuja, wengine wakiwa wamefunikwa mablanketi ya hospitali.

Mama Fidélie hajalia mbele ya watu. Alisimama, akatushukuru, akarudi nyumbani.

Leo nimewasha moto tena. Sijui kama nimefanya vizuri au vibaya, lakini wagonjwa wapo.

Mungu atupe subira.
Ismaël Ramazani

*

Lubumbashi, tarehe 2 Oktoba 2023

Ismaël kaka yangu,

Nimejaribu kukupigia mara nyingi, simu inakatika kabla hatujamaliza salamu. Na jambo lenyewe haliingii vizuri katika ujumbe wa simu. Kwa hiyo nakuandikia kama zamani. Barua inakuja na treni, tutaona nani atafika kwanza, barua au uzee wetu.

Mimi bado ni muuguzi hapa hapa. Mwezi uliopita mgonjwa mmoja aliona jina la Kindu kwenye fulana yangu akaniuliza kama nimewahi kusikia habari ya wanafunzi waliokuwa wakipika hospitalini wakati wa vita. Mama yake alikuwa amelazwa pale. Nilijibu kwamba nimesikia. Nikatoka nje, nikakaa kwenye ngazi.

Baada ya hapo nimewatafuta wenzetu wa darasa la sita. Wako Kisangani, wako Bukavu, mmoja ana duka Mbuji-Mayi. Wote wamekubali kuchanga. Tunataka kuanzisha bursi ya masomo, kila mwaka mwanafunzi mmoja anayefanyia mtaa wake kazi bila kulipwa, alipiwe darasa la sita lote mpaka mtihani wa serikali. Tungependa iitwe Bursi ya Patou. Na kwa kuwa wewe sasa ndiwe prefe, mkuu wa shule yetu, tunaomba uisimamie.

Kabla ya yote, nenda kwa Mama Fidélie ukamwombe baraka. Ni kwa heshima tu. Najua atafurahi.

Wako,
Odile

*

Kindu, tarehe 20 Novemba 2023

Dada Odile,

Nimepokea barua yako kwa furaha ambayo siwezi kuieleza. Wazo lenu nimelikubali kabla sijafika mwisho wa ukurasa.

Nilikwenda kwa Mama Fidélie Ijumaa baada ya swala. Nilimkuta barazani anapepeta mchele pamoja na mjukuu wake Nicole. Nilimweleza kila kitu kwa utaratibu, na nadhani nilieleza vizuri. Alisikiliza mpaka mwisho bila kuacha kupepeta. Kisha akasema, "Hapana." Akamwambia Nicole aniletee chai.

Nilikunywa chai. Tuliongea habari za mvua, za bei ya mawese, za mguu wake unaomsumbua. Nilipoaga alinipa mchele nimpelekee mke wangu. Lakini habari ya bursi hakuirudia.

Dada, nitakuambia ninavyofikiri. Mimi na Patou tulianza jambo lile pamoja, na mimi ndiye niliyebaki. Nikikaa mbele yake nadhani anahesabu umri ambao mwanaye angekuwa nao. Pengine jina la Patou halikupaswa kuombwa na mdomo wangu. Mwandikie wewe.

Wasalaam,
Ismaël

*

Lubumbashi, tarehe 8 Januari 2024

Mama Fidélie mpendwa,

Shikamoo mama. Heri ya mwaka mpya. Mimi ni Odile, binti wa Kasanda aliyekuwa mkuu wa kituo, tuliyeishi nyumba ya pili kutoka kwenu katika kambi ya reli. Ulikuwa ukinisuka.

Ismaël amenieleza kwamba hukupendezwa na habari ya bursi. Mama, kama tumekosea kuja mikono mitupu, utusamehe. Hatukutaka kulichukua jina la mtoto wako na kukuacha nje. Tungependa wewe uwe mkuu wa kamati. Tutatengeneza kibao cha shaba chenye jina lake, tukiweke ukutani shuleni, pale kila mtu anayepita kwenda sokoni atakiona. Tutachapisha picha yake kubwa. Siku ya kutoa bursi tutaalika wakubwa wa mji, na padri asome tena yale aliyoyasema juu ya Patou kanisani. Mji wote utakumbuka alivyojitoa.

Ukitaka kitu kingine, niambie tu.

Binti yako,
Odile

*

Kindu, tarehe 17 Februari 2024

Odile mwanangu,

Marahaba. Nicole njo anaandika, miye macho yangu hayaoni tena vitu vidogo. Nimemuambia aandike vile ninasema, asinitengenezee Kiswahili.

Ninakukumbuka. Ulikuwa na kichwa kigumu, ukisukwa unalia, halafu ukimaliza unakimbilia kioo.

Ismaël ni mutoto wangu. Kila Idi analeta nyama kwangu, kila Noeli ninapeleka mikate kwake. Kama anafikiri ninamuchukia, muambie aache. Sikukataa juu yake. Na sikukataa juu ya kibao. Kibao sitaki pia. Miye ninapita pale kwenda soko, mguu unaniuma, unataka nikutane na jina la mutoto wangu kwa shaba kila siku nikibeba nyanya?

Nitakuambia juu ya nini nilikataa. Munataka kuwaambia watoto wa watu, angalieni Patou, fanyeni kama yeye. Ni vizuri. Lakini nani atawaambia wakati wa kuacha? Patou alikuwa na miaka kumi na nane. Kuni ni yeye, muhogo ni yeye, mto ni yeye. Alikuwa anakonda na sisi wakubwa tunamupigia makofi. Padri alimusifu, walimu walimusifu, na miye mama yake nilisikia utamu. Mutoto akisifiwa hivyo atapumuzika namna gani? Ataona haya kupumuzika. Mutumbwi ulikuwa muzito kwa sababu hakuna mukubwa aliyekwenda naye kubeba. Walikuwapo. Wababa walikuwapo. Walikuwa wamekaa wanasema, huyu mutoto ni mutu wa ajabu.

Kwa hiyo kila mara watu wakiniambia Patou alijitoa, miye ninasikia, Patou tulimuacha peke yake.

Sasa sikiliza. Nimewaza tangu barua yako ifike. Kama munataka jina lake, nitawapa, lakini mutoto mutakayemuchagua nitamutembelea kwanza nyumbani kwao. Nitamuuliza mama yake kama anakula na kama analala. Nikikuta mutoto amechoka na yuko peke yake, hapana. Hiyo njo sharti yangu, iko moja tu.

Salamu kwa bwana yako na watoto.

Mama Fidélie Misenga

*

Kindu, tarehe 12 Aprili 2024

Dada Odile,

Nakala ya barua ya Mama uliyonitumia nimeisoma, nikaiweka mfukoni, nikaenda kumwona. Nilitengeneza mlango wake uliokuwa unalalia upande, tukacheka, basi.

Lakini leo nakuandikia nikiwa na hasira, na ni afadhali ujue.

Tumemchagua msichana wa darasa la tano anayeitwa Falone. Hakuna aliyembishia. Ungemwona ungeelewa. Kuna korongo limechimbika nyuma ya mtaa wao, avenyu moja hapa Kasuku, kila mvua linakula ardhi kidogo, na nyumba za mwisho zimebaki ukingoni kabisa. Jiko la jirani yao liliporomoka mwaka jana. Wakubwa wamekuwa wakisema serikali itakuja. Falone alijifunza katika somo la jiografia kwamba mianzi na majani marefu hushika udongo, akaanza kupanda. Anachimba, anapanga magunia ya mchanga, anapanda mianzi anayoikata mwenyewe upande wa mto. Amefanya hivyo tangu mwaka wa masomo uanze. Walimu wote wanamtaja yeye. Mimi mwenyewe nilimsimamisha mbele ya shule nzima, kila mtu akapiga makofi.

Jumamosi nilimpeleka Mama Fidélie nyumbani kwao kwa pikipiki. Mama wa Falone, jina lake Yvette, anauza chikwange, mikate ile ya muhogo. Alitukaribisha vizuri. Falone alikuwa amekaa nyuma ya nyumba, ameegemea ukuta, jembe mapajani, amelala usingizi mchana mweupe. Viganja vyake vimepasuka. Mama Fidélie alimtazama, kisha akamwuliza Yvette maswali yake. Yvette alijibu kwa ukweli. Alisema mtoto anatoka kabla ya jua, anakwenda shule na matope, akirudi anashuka tena korongoni. Chakula anakula akikumbushwa. Alama zake za hesabu zimeanguka. Yvette amemwambia apunguze, naye humjibu kwamba watu wote wanamtegemea.

Falone alikuwa ameamka, amesimama mlangoni anasikiliza. Mama Fidélie akanigeukia akasema, "Huyu ni Patou. Njo maana simpi."

Binti hakulia. Alinawa mikono, akachukua jembe, akaondoka.

Dada, tunamwadhibu mtoto kwa sababu ya wema wake. Nimewaza mengi juu ya maneno ya Mama na nayaheshimu, lakini kama Falone hapati, nani apate? Mwanafunzi aliyefanya kidogo zaidi? Nifanye nini?

Ismaël

*

Lubumbashi, tarehe 6 Mei 2024

Ismaël,

Ninakujibu kwa haraka, kuna mtu anapanda ndege kesho.

Nimeisoma barua yako nikiwa zamu. Mimi pia nilikasirika. Baadaye nikajiuliza kwa nini wewe, mimi na walimu wako wote tulimwona Falone tukafikiri bursi, na Mama Fidélie peke yake alimwona akafikiri usingizi.

Mwaka ule nilimwandikia Patou nikamwuliza, wakati wewe unavuka, nani anakusaidia. Hakupata nafasi ya kunijibu. Kamwulize Falone swali hilo hilo. Usimwulize kama prefe. Mtafute mahali pasipo na watu wa kumpigia makofi.

Na usitafute mtoto mwingine. Mama hakusema hapana kwa Falone. Alisema hapana kwa uchovu wake. Sharti liko moja tu, na hilo sisi wakubwa tunaweza kulitimiza.

Odile

*

Kindu, tarehe 23 Juni 2024

Dada Odile,

Kaa vizuri, barua hii ni ndefu.

Nilimkuta Falone bombani anajaza dumu la maji. Nilimwuliza kama ulivyosema. Akasema, "Prefe, kila mtu ananipongeza." Nikamwambia sikuuliza hilo. Akasema, "Basi hakuna." Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja saa. Nikaona aibu. Nilimsimamisha mbele ya shule nzima, na kati ya wanafunzi wote wale sikumpa hata mmoja wa kwenda naye.

Nilikata shauri kwenda kuongea na wazee wa avenyu. Jumamosi iliyofuata nikafika, nikakuta nimechelewa. Mama Fidélie alikuwa amekwisha kufika. Alikuwa amekaa kwenye kigoda chake ukingoni mwa korongo, juu kabisa ya kinjia cha kushukia, jembe limelala miguuni pake, na Nicole amesimama pembeni na mwavuli. Falone alikuwa mbele yake, hawezi kupita. Nilisikia Mama akimwambia kwa sauti ya kawaida, kama anayemwambia mtoto avae viatu:

"Peke yako hushuki. Ukitaka kushuka, leta watu."

Falone akasema watu hawatakuja. Mama akasema atangoja, hana kazi nyingine, na kama hawaji atashuka yeye na mguu wake mbovu.

Wewe unaijua Kasuku. Mtu akisimama bila sababu, wawili wanasimama kumtazama. Watu walitoka majumbani wakauliza kuna nini. Walipoelewa kwamba mama mzee wa kambi ya reli anataka kushuka korongoni kwa ajili ya nyumba zao, sura zao zilibadilika. Wa kwanza alikuwa yule jirani ambaye jiko lake liliporomoka. Alichukua jembe la Mama kutoka chini, akashuka. Kisha akina baba wengine. Wenye pikipiki za teksi walioegesha kona wakaulizwa kama wanaweza kuleta mianzi, wakaenda mtoni wakarudi na mianzi inayoburuta barabarani, njia nzima inapiga kelele. Yvette alifunga biashara yake akawapikia. Mimi nilivua koti. Wanafunzi wangu waliponiona na matope mpaka magotini walikuja wenyewe, nadhani kwa kutaka kucheka kwanza, lakini walibaki.

Falone hakujua la kufanya. Alikuwa akikimbia huku na huku kuonyesha mahali pa kupanda, na kila alipoinua gunia mtu alimpokea. Adhuhuri Mama alimwita, akamkalisha kwenye mkeka karibu na kigoda, akampa sahani. Alikula, akalala pale pale, kichwa kwenye goti la Mama lisilouma, huku kazi inaendelea. Hakuna aliyemwamsha.

Tangu siku hiyo Jumamosi ni ya korongo, kwa zamu, kila nyumba inatoa mtu. Mwisho wa mwezi wa tano ilinyesha mvua kubwa ya kufunga msimu. Asubuhi nilikwenda kuangalia. Magunia mengine yalikuwa yamesogea, na kipande cha kinjia kimekwenda. Lakini ukingo umeshika, na nyumba zote zimesimama. Watu walikuwa wametoka nje na vikombe vya chai mkononi, wanaangalia korongo kama wanaangalia mpira.

Falone amefanya mitihani ya mwisho wa mwaka na hesabu zimepanda. Wiki iliyopita Mama Fidélie alikwenda tena kwao, safari hii bila mimi. Kisha akaja ofisini kwangu, akakaa, akapumzisha mguu, akasema, "Andika jina lake." Nikauliza jina la nani, la Falone au la Patou? Akasema, "Yote mawili."

Tutatoa bursi siku ya kufunga shule. Ukipata ruhusa kazini, njoo.

Ndugu yako,
Ismaël

*

Kindu, tarehe 9 Julai 2024

Odile mwanangu,

Nicole tena njo anaandika. Ismaël aliniambia hospitali yako haikukupa ruhusa, usisikitike, nitakuambia yote.

Ilikuwa vizuri. Kibao hakikuwapo, nakushukuru. Wakubwa wa mji walikuja wawili, wakaketi mbele na wakasema maneno marefu. Falone alivaa nguo ya buluu ambayo mama yake alimushonesha, na viganja vyake vimepona, nilimufungua mikono nikaangalia. Walipomuita jina, hakutaka kwenda peke yake. Aliwavuta watu wa avenyu yake wote waende naye, hata wale wa pikipiki. Jukwaa lilikuwa dogo, likalia. Ismaël aliogopa litavunjika.

Halafu wakaniomba niseme kitu juu ya Patou. Sikuwa nimetengeneza maneno. Tangu azikwe sijasema habari yake mbele ya watu, na nilipoinuka wote wakainamisha vichwa, kama kawaida. Nikaona, hapana, hawa watoto hawakumujua, wasianze kwa kuinamisha vichwa.

Basi nikawaambia habari ya muzee wa chumvi. Wewe huijui, ulikuwa Goma. Wakati ule chumvi ilikuwa imekosa mujini kabisa. Kule hospitali kulikuwa na muzee kutoka Lokandu, muvuvi, alikataa kula. Alisema chakula bila chumvi ni cha maiti, na yeye hajafa. Walimubembeleza wote akakataa. Patou akamunong'oneza, "Baba, chumvi iko, lakini ni kidogo, nimeiweka chini kabisa ya sahani yako, wengine wasijue." Muzee akala mpaka chini akiitafuta. Hakuikuta. Patou akamuambia, "Samahani, baba, leo iliyeyuka. Kesho." Kesho muzee akala tena mpaka chini. Ikawa hivyo kila siku. Patou akirudi nyumbani anatuigizia yule muzee, vile anakwangua sahani na jicho moja limefunga, na sisi hatuwezi kumeza kwa kucheka.

Nikawaigizia. Miye, na uzee wangu, mbele ya wakubwa wa mji, nilikwangua sahani kwa jicho moja.

Watoto walicheka, Odile. Shule nzima. Falone alicheka mpaka akashika tumbo. Ismaël alicheka akiwa analia, nikamupa kitambaa changu. Mutoto mumoja nyuma akauliza kwa sauti, na yule muzee alipona? Nikajibu alipona. Alitoka hospitali kwa miguu yake mwenyewe, na mulangoni bado alikuwa anauliza chumvi iko wapi.

Jioni Falone alipita kwangu na mama yake kunisalimia. Nikawapikia samaki. Falone akaniuliza, kuna habari nyingine za Patou? Nikamuambia ziko nyingi, aje Jumapili.

Mama yako,
Fidélie Misenga